Mkazo, Mnepo na Ukakamavu: Historia ya Hesabu ya Springi za Majani na Istilahi Zake

Mfasiri akabidhiwapo kitabu cha ufundi wa magari au cha mabehewa ya reli, hafiki mbali kabla ya kukutana na sura ya springi. Hapo huona mchoro wa vyuma bapa vilivyopangwa kimoja chini ya kingine, kirefu juu na kifupi chini, na kando ya mchoro huo kanuni mbili fupi: moja ya kupatia mkazo, nyingine ya kupatia kiasi ambacho springi itanepa. Herufi za kanuni hizo hazihitaji tafsiri. Yanayohitaji tafsiri ni maneno yanayozifafanua, na hapo ndipo hatari ilipo. Maana herufi moja ikipewa jina lisilo lake, msomaji atapima kitu kingine, na jibu litakalotoka litakuwa safi katika karatasi na la uongo barabarani.

Makusudi ya makala haya ni kufuatilia jinsi hesabu hiyo ilivyopatikana, na jinsi lugha za watu walioipata zilivyohangaika kuyapa majina mambo yake. Twaona kuwa yafaa kufanya hivyo kwa sababu matatizo yanayomsumbua mfasiri wa Kiswahili hivi leo si mapya, wala si dalili ya upungufu wa Kiswahili. Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani vilipita njia hiyo hiyo, na kwa muda mrefu kuliko watu wengi wanavyodhani.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Kiswahili kimekuwa na maneno matatu kwa chombo kinachopinda na kurudi. La kwanza ni mtambo, lililotumiwa zamani kwa ule mti wa mtego unaofyatuka, na kwa chuma cha ndani ya bunduki au saa. Neno hili limekwisha kupanda cheo. Leo mtambo ni mashine nzima, pengine kiwanda kizima, na haliwezi kurudishwa tena kwenye kazi yake ya kwanza bila ya kuleta vurugu. La pili ni kamani, ambalo asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya upinde. Wahindi walilichukua na kulitumia kwa springi ya kila namna, na mpaka leo mafundi wao huiita springi ya gari kwa jina hilo. Sisi tunalo katika kamusi zetu, lakini matumizi yake yamebaki zaidi kwenye saa na vyombo vidogo. La tatu ni springi, ambalo limeenea katika kila gereji na ambalo hapana sababu ya kulipiga vita. Hata hivyo hatuna budi kukiri kuwa kamani lilikuwa neno zuri mno: springi ya majani ni upinde kwa umbo na kwa kazi, na mtu aliyelichagua neno hilo aliuona ukweli ambao wataalamu wa hesabu walichukua karne mbili kuueleza.

Ama neno jani, twalikubali. Mfaransa husema ubapa, kama wa kisu. Mjerumani na Mwingereza husema jani. Wengine wangependa bamba, lakini bamba kwetu ni chuma chembamba cha kuezekea au cha kuundia debe, na kulitumia kwa chuma cha springi chenye unene wa milimita 8 ni kumpotosha mwanafunzi. Jani lina faida nyingine: kuti la mnazi hunepa, na msomaji wa pwani hahitaji maelezo zaidi.

Hesabu yenyewe ilianza na boriti. Mwaka 1638 kilichapishwa mjini Leiden kitabu cha Galileo Galilei juu ya sayansi mbili mpya, alichokitunga katika uzee wake alipokuwa amefungiwa nyumbani karibu na Florence kwa amri ya mahakama ya Kanisa. Moja ya sayansi hizo ilikuwa ni ya uimara wa vitu. Galileo alifikiria boriti iliyochomekwa ukutani, na mzigo umetundikwa kwenye ncha yake ya nje, akauliza: itavunjika kwa mzigo gani? Alijibu kuwa boriti itageukia kwenye ukingo wa chini pale inapoingia ukutani, kama mlango unavyogeukia kwenye bawaba, na kuwa nyuzi zote za mti juu ya ukingo huo huvutwa kwa kiasi kimoja mpaka zikakatika.

Jibu hilo lilikuwa na kosa na sahihi kwa wakati mmoja. Sahihi yake ilikuwa kwamba uimara wa boriti hufuata upana mara moja na kimo mara mbili. Ukiongeza upana maradufu, uimara huongezeka maradufu, lakini ukiongeza kimo maradufu, uimara huongezeka mara nne. Kila seremala anajua hivyo kwa mikono yake: mbao ya mbili kwa sita hailazwi ubapa chini ya paa, husimamishwa kwa ubavu, na ikisimamishwa huwa imara mara tatu kuliko ikilazwa. Kosa lake lilikuwa la kiasi. Kwa kitu ambacho hurefuka kwa ulinganifu na nguvu inayokivuta, boriti ya Galileo ilibeba mara tatu zaidi ya ilivyoweza kubeba kwa kweli. Mtu angeweza kulinganisha boriti mbili kwa kanuni ya Galileo na asikosee; lakini kama angetaka kujua boriti moja itabeba ratili ngapi, kwa kutumia nguvu ya kukatika iliyopimwa kwa kuuvuta mti ule ule, angejenga nyumba ya kuwaangukia wenyeji wake.

Kilichokosekana ni kanuni ya kurefuka, nayo ilitolewa na Mwingereza Robert Hooke. Mwaka 1676 aliificha katika fumbo la herufi zilizopangwa kwa alfabeti, kama ilivyokuwa desturi ya wataalamu wa siku zile waliotaka kudai haki ya kuvumbua bila ya kusema walichovumbua. Mwaka 1678 akaifumbua katika kijitabu juu ya springi. Maana yake ni kwamba kadiri springi inavyorefuka ndivyo nguvu yake ya kurudi inavyoongezeka, kwa uwiano ule ule. Katika kijitabu hicho hicho Hooke alieleza pia kuwa kitu kikipindwa, nyuzi za upande wa mgongo hurefuka na za upande wa tumbo hufupika. Yaani vipande viwili vya jibu vilikuwa mezani mwaka 1678. Kuviunganisha kulichukua karibu miaka 150.

Edme Mariotte wa Ufaransa, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1686 baada ya kufa kwake, alikubali kuwa nyuzi hazivutwi kwa kiasi kimoja, lakini hesabu yake ya mwisho haikutoka sawa. Aliyepata jibu kamili ni Antoine Parent, Mfaransa pia, katika maandishi aliyoyatoa Paris mwaka 1713. Parent alionyesha kuwa katika boriti inayopinda kuna tabaka katikati ambalo halirefuki wala halifupiki. Juu yake ni mvuto, chini yake ni mgandamizo, na jumla ya mvuto lazima ilingane na jumla ya mgandamizo. Hilo ndilo jibu tunalolifundisha mpaka leo. Lakini halikufika popote. Maandishi yake hayakuwemo katika vitabu vya Chuo cha Sayansi, yalichapwa vibaya, yalijaa makosa ya chapa, na lugha yake mwenyewe ilikuwa ya kuchosha. Waashi na mainjinia wa Ufaransa waliendelea kutumia hesabu zenye kosa kwa miaka 60 mingine, mpaka Charles Coulomb, injinia wa jeshi, alipolipata jibu hilo upya katika makala aliyoyasoma mwaka 1773. Twalitaja jambo hili kwa kusudi. Wako wasemao kuwa lugha ya kitabu cha ufundi si kitu, muradi hesabu ziwe sawa. Hesabu za Parent zilikuwa sawa.

Wengine walishughulikia umbo la mstari uliopinda: Jacob Bernoulli mwishoni mwa karne ya 17, kisha Leonhard Euler mwaka 1744. Kazi zao ni kubwa, lakini kwa makusudi yetu yatosha kusema kuwa walitupa uhusiano kati ya kupinda na mduara. Thomas Young naye, katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1807, alipendekeza kipimo cha unyumbufu ambacho hata leo hujulikana kwa jina lake. Hatimaye Claude-Louis Navier, katika mihadhara yake ya mwaka 1826 kwa wanafunzi wa uinjinia mjini Paris, aliyakusanya yote. Aliweka tabaka tuli mahali pake, katikati ya uzito wa mkato, na akabadili swali lenyewe. Watu wote tangu Galileo walikuwa wakiuliza boriti itavunjika lini. Navier aliuliza boriti itakuwa na mkazo kiasi gani wakati ingali nzima na ikifanya kazi yake. Badiliko hilo la swali ndilo lililoiwezesha springi kuingia katika hesabu, kwani springi ni chombo kilichoundwa ili kipinde sana na kisivunjike.

Hapa yafaa tusimame kidogo kwenye neno mkazo. Jambo lenyewe, yaani nguvu iliyogawanywa kwa eneo la mkato inaolipitia, lilipewa maana kamili na Augustin Cauchy mwaka 1822, naye aliliita kwa maneno mawili, mbano au mvuto, kwa kuwa lugha yake haikuwa na neno moja la kuyafunika yote mawili. Mainjinia wa Uingereza walikuwa na maneno mawili, “stress” na “strain”, lakini waliyatumia ovyo, mara hili kwa nguvu, mara lile, mara yote kwa jambo moja. Ni W. J. M. Rankine aliyeyatenganisha katika miaka ya 1850: la kwanza liwe la nguvu ya ndani, la pili liwe la badiliko la umbo. Wajerumani walichukua neno lao la kukaza, “Spannung”, na kwa bahati mbaya au nzuri neno hilo ndilo pia jina la volteji ya umeme. Wanafunzi wao hawajafa kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo mtu akilalamika kuwa mkazo ni neno la wanaisimu, la silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi, jibu letu ni kwamba maneno huishi katika nyumba mbili bila ya ugomvi ikiwa nyumba hizo ziko mbali. Lisilovumilika ni neno moja kuwa na maana mbili katika ukurasa mmoja. Hilo ndilo linalotokea mfasiri anapotumia mkazo kwa nguvu ya ndani na pia kwa kurefuka kwa chuma. Kwa jambo la pili twapendekeza mgeuko, yaani kiasi cha badiliko la urefu kikigawanywa kwa urefu wa awali. Na kwa kushuka kwa springi chini ya mzigo, Kiswahili kinalo kitenzi kisichohitaji msaada: kunepa. Fito hunepa, ubao hunepa, kamba ya kuanikia nguo hunepa. Mnepo ni jina lake, nalo lasema kwa neno moja kile ambacho vitabu vingine huandika kama “umbali wa kupinda kuelekea chini”.

Turudi barabarani. Magari ya farasi ya Ulaya yalikuwa na springi za chuma tangu kabla ya karne ya 19, lakini yalitegemea mti mzito uliounganisha ekseli za mbele na za nyuma. Mwaka 1804 Obadiah Elliott, muunda magari wa London, alipewa hataza ya kuliweka gari juu ya springi za majani zilizokabiliana na kufanya umbo la yai, na mti ule ukaondolewa. Gari likawa jepesi na la chini. Hesabu hakuna, mafundi wa magari walipata vipimo kwa kujaribu na kwa kurithishana. Gari la farasi lilikuwa na mzigo mdogo na mwendo wa kiasi, na springi ikivunjika, abiria walishuka.

Reli iliondoa uvumilivu huo. Mabehewa yalikuwa mazito, mwendo ulikuwa mkubwa, na springi zilihitajika kwa maelfu, zote za kipimo kimoja. Mtu aliyelishughulikia jambo hili kwa ukamilifu ni Édouard Phillips, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1821, injinia wa migodi kwa mafunzo. Mwaka 1852 alitoa katika jarida la wahandisi wa migodi la Ufaransa makala marefu juu ya springi za chuma cha pua zitumikazo katika vyombo vya reli. Miaka michache baadaye, 1857, Franz Reuleaux naye alichapisha mjini Winterthur kitabu cha hesabu za springi za mashine. Phillips baadaye alihamia kwenye springi nyembamba kama unywele iliyomo ndani ya saa, akaitolea hesabu mwaka 1861. Tunapenda kukumbuka kuwa mtu mmoja alishughulika na springi ya behewa na ya saa. Kamani, kwa maana zake zote mbili.

Fikra iliyomo ndani ya springi ya majani ni rahisi kueleza. Boriti iliyochomekwa ukutani ina mkazo mkubwa pale ukutani, na mkazo huo hupungua kadiri tunavyokwenda kwenye ncha. Chuma kilicho karibu na ncha hakifanyi kazi. Ni uzito wa bure. Tukikata bamba nene liwe pembetatu, pana ukutani na kuishia kwenye ncha kali, mkazo utakuwa mmoja kila mahali, na bamba lote litapinda kwa umbo la kipande cha mduara. Lakini pembetatu ya namna hiyo ni pana mno kuwekwa chini ya gari. Basi ikatwe vipande virefu vya upana mmoja, na vipande hivyo vipangwe kimoja chini ya kingine: kile cha katikati, kirefu kuliko vyote, kiwe juu, na vya pembeni, vilivyo vifupi, viunganishwe viwili viwili na kuwekwa chini yake. Hiyo ndiyo springi ya majani. Ngazi tunayoiona kwenye ncha zake ni pembetatu ile ile iliyokunjwa.

Kutokana na hapo kanuni hupatikana. Tuseme P ni mzigo kwenye ncha moja, l ni urefu kutoka katikati hadi ncha hiyo, n ni idadi ya majani, b ni upana wa jani na h ni unene wake. Mkazo ni 6Pl ikigawanywa kwa nbh². Mnepo ni 6Pl³ ikigawanywa kwa Enbh³, ambapo E ni moduli ya Young, na kwa chuma cha pua ni kama nyutoni 200,000 kwa kila milimita mraba. Msuguano kati ya majani hauhesabiwi, ingawa upo, na dereva huusikia.

Tuchukue mfano. Springi ina urefu wa milimita 1,200 kutoka ncha hadi ncha, majani 8, kila moja lenye upana wa milimita 70 na unene wa milimita 8, na katikati inabeba nyutoni 10,000, yaani uzito wa karibu tani moja. Kila ncha hupokea nusu, nyutoni 5,000, na l ni nusu ya urefu, milimita 600. Mkazo ni nyutoni 502 kwa milimita mraba, na mnepo ni milimita 113. Hesabu hiyo yaweza kusahihishwa kwa njia nyingine, ile ya mduara: springi iliyonyooka ikinepa milimita 113, inakuwa kipande cha mduara wenye nusu kipenyo cha milimita 1,593, mkazo ni moduli ikizidishwa kwa nusu ya unene na kugawanywa kwa nusu kipenyo hicho, nayo yaleta 502 vile vile. Njia hii ya pili yafundisha jambo ambalo kanuni ya kwanza yalificha, kwamba katika jani lililopindwa kwa mduara fulani, upana hauna neno lolote katika mkazo. Ni unene tu.

Sasa tuone istilahi zinavyoweza kuiharibu hesabu hii. Vitabu vya Kiingereza vya uimara wa boriti hukiita kipimo cha wima kwa neno la kina, lile lile la kina cha bahari, na vitabu vya springi hukiita unene. Mfasiri mwaminifu akiandika kina katika sura ya boriti na unene katika sura ya springi, mwanafunzi hatajua kuwa h ni ile ile. Mbaya zaidi, kina kwa Kiswahili ni kipimo cha kuingia ndani. Mtu akitazama springi kutoka ubavuni mwa gari, kinachoingia ndani ni upana wa jani. Akiweka 70 mahali pa 8 na 8 mahali pa 70, mkazo wake utatoka 57 badala ya 502, na ataridhika kwamba springi yake ina usalama wa kupita kiasi. Kwa hiyo twashauri kimo cha mkato kwa boriti, unene kwa jani, na sentensi moja ya kueleza kuwa vyote viwili ni kipimo kilicho katika mwelekeo wa mzigo. Neno kina liachiwe visima.

Mtego wa pili uko katika mzigo na urefu. Kanuni tuliyoitoa yadai mzigo wa ncha moja na nusu ya urefu. Vitabu vingine hutumia mzigo wote wa katikati na urefu wote, na kanuni yao huwa na tarakimu nyingine. Mfasiri akiandika tu “mzigo wa springi” na “urefu wa springi” kando ya kanuni yetu, msomaji atatia 10,000 na 1,200, na kupata mkazo wa nyutoni 2,009, mara nne ya ukweli. Atakachofanya ni kuongeza unene mara mbili ili kuupunguza. Springi itakuwa kakamavu mara nane, gari litarukaruka kama mkokoteni, na mkazo mpya utahamia kwenye fremu, ambayo haikuundwa kuupokea.

Mtego wa tatu ndio mkubwa, nao ni neno ugumu. Kwa Kiswahili cha kila siku jambo gumu ni lile lisilokubali: mti mgumu, mtihani mgumu, moyo mgumu. Katika springi kuna sifa tatu ambazo zote huelekea kuitwa hivyo. Ya kwanza ni kutokwaruzika au kutobonyea kwa uso wa chuma. Hiyo ndiyo tunayoiachia neno ugumu. Ya pili ni kukataa kunepa, ambayo twaiita ukakamavu. Ya tatu ni kuweza kubeba mkazo bila ya kuvunjika wala kubaki kimepinda, nayo ni uimara. Tofauti yao si ya wanazuoni tu. Chuma cha springi kikipashwa moto, kikazamishwa katika mafuta, kisha kikapashwa tena kwa kiasi, ugumu wake huongezeka sana na uimara wake pia, ndiyo maana wahunzi wetu hulipenda jani kuukuu la springi kwa mapanga na visu. Lakini ukakamavu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Moduli hubaki karibu ile ile kwa chuma laini na kwa chuma kilichopikwa. Sentensi isemayo “kupika chuma huongeza ugumu wa springi” ni kweli kwa maana ya kwanza na uongo kwa maana ya pili, na fundi anayetaka gari lake lisishuke sana ataisoma kwa maana ya pili.

Sifa hizo mbili za mwisho, uimara na ukakamavu, ndizo zinazoeleza kwa nini kuna majani kabisa. Majani 8 ya milimita 8 yana jumla ya unene wa milimita 64. Mtu aweza kuuliza kwa nini tusitumie chuma kimoja cha unene huo. Chuma hicho, kikikatwa umbo lile lile, kingekuwa imara mara 8, lakini kakamavu mara 64; mnepo wa milimita 113 ungepungua ukawa chini ya milimita 2. Isingekuwa springi tena. Kwa upande wa pili, fundi akipunguza unene wa majani kutoka milimita 8 hadi 7 kwa kukosa chuma cha kipimo, mkazo hupanda kutoka 502 hadi 656, na mnepo kutoka 113 hadi 169. Milimita moja yaleta yote hayo. Akiongeza majani mawili ya kipimo kile kile, ambavyo ndivyo wenye malori wafanyavyo wanapotaka kubeba zaidi, mkazo hushuka hadi 402 na mnepo hadi 90. Nafuu ni ya kiasi, nayo huisha mara mzigo unapoongezwa kwa robo. Mwenye lori hajui hivyo kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwa lugha anayoisoma.

Limebaki neno moja ambalo Navier hakulihitaji na Phillips hakulitumia. Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris ilianguka kwa kukatika ekseli, na watu wengi wakaungua. Ekseli kama hizo zilikuwa zikikatika chini ya mizigo ambayo zilikuwa zimeibeba kwa miaka. Kuanzia miaka ya 1850, August Wöhler, mtumishi wa reli ya Prussia, alizipinda ekseli na vipande vya chuma mara maelfu na mamilioni kwa mashine alizozibuni mwenyewe, na taarifa yake ya mwaka 1870 ilionyesha kuwa chuma hukatika kwa mkazo mdogo sana kuliko ule wa kukivunja mara moja, ikiwa mkazo huo unarudiarudia. Springi hurudia kwa kila shimo la barabara. Kwa hiyo 502 ya mfano wetu haitoshi kulinganishwa na kikomo cha unyumbufu peke yake. Lazima ijulikane inapanda na kushuka kati ya kiasi gani na kiasi gani.

Lugha za Ulaya ziliyaita maradhi hayo uchovu, kwa kufananisha chuma na mnyama. Kiswahili kimefuata, na uchovu wa metali umekwisha kuingia katika matumizi. Wako wanaopinga kwa kusema kuwa mchovu akilala huamka na nguvu, na chuma hakipumziki kikapona. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini badala iliyopendekezwa, kuchakaa, ni mbaya zaidi, kwa sababu kuchakaa huonekana: ukingo hulika, uso huparara, unene hupungua, na mkaguzi hukiona kitu na kukikataa. Jani lenye uchovu laweza kuwa na unene wake wote wa milimita 8, limenyooka na kung’aa, na ufa wake ukawa bado ni mwembamba kuliko unywele, upande wa mvuto, karibu na bolti ya katikati. Katika fomu za ukaguzi wa magari yafaa kuwe na mistari miwili tofauti, mmoja wa kuchakaa na mmoja wa nyufa za uchovu, na mkaguzi aelekezwe kuusafisha kwanza uso huo kabla ya kuandika chochote katika mstari wa pili.